Heksagramu moja, majibu matatu: uchague njia ipi ya ramli ya Kichina?

Tuchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayefikiria kuagiza kontena lake la kwanza kutoka Guangzhou. Fedha ni akiba ya miaka na mkopo juu yake, na swali lake ni moja: nikiuleta mzigo huu, nitapata faida? Anarusha sarafu tatu mara sita na kuandika matokeo kutoka chini kwenda juu: 7, 9, 7, 8, 7, 8. Aliyezoea mambo haya ataitambua hapohapo. Ni heksagramu (umbo la mistari sita) ya 5, Xu, maana yake Kusubiri, na mstari wa pili unageuka.

Tatizo linaanza hapo. Umbo hilohilo ukilisoma kwa Yijing, kitabu cha kale cha ramli ya Kichina, linasema subiri, mwisho ni heri. Ukilisoma kwa njia ya Meihua linasema heri bila maneno mengi. Ukilisoma kwa Liuyao linasema fedha zitavuja. Kwa hiyo anayetaka kuitumia Yijing kwa mambo ya leo, iwe biashara, kazi, kesi au uchaguzi, ana uamuzi wa kufanya kabla ya kugusa sarafu. Nitazilinganisha njia hizo tatu kwa swali la huyu mfanyabiashara, na sitaficha ninayoipenda.

Msomaji wa pwani ana mahali pa kuanzia, kwa sababu ramli anaijua. Ramli iliyotujia kwa Waarabu, iliyopata jina lake kwenye mchanga, ina maumbo 16, na kila umbo lina safu nne za nukta moja au mbili. Yijing inafanya hesabu ya namna hiyohiyo kwa mistari sita: mstari mzima ni yang, uliokatika katikati ni yin, na maumbo yanafika 64. Kila umbo ni trigramu mbili, yaani maumbo mawili ya mistari mitatu, zilizopandana. Trigramu ziko nane, na nne kati yake unaziona kwenye bendera ya Korea Kusini. Kinachoitenga Yijing ni maandishi yake. Kila umbo lina kauli yake na kila mstari una yake, na kiini cha maandishi hayo ni cha zama za Zhou Magharibi, karibu miaka 2,800 iliyopita. Nakala ya hariri iliyofukuliwa Mawangdui, Changsha, mwaka 1973 ilikuwa imelala kaburini tangu 168 KK.

Kwa Mwislamu au Mkristo mwenye msimamo, swali la kama inajuzu kuuliza hutangulia swali la njia. Hilo alipeleke kwa wanaomwongoza katika dini yake. Ninayoandika hapa ni ya anayetaka kujua mambo haya yanavyofanya kazi.

Kitabu, kwa vijiti au kwa sarafu

Hii ndiyo njia iliyosafiri zaidi nje ya China, kwa sababu ilibebwa na tafsiri. Ya Richard Wilhelm kwa Kijerumani ilitoka mwaka 1924, na ilipogeuzwa kwa Kiingereza mwaka 1950 ilikuja na dibaji ya mwanasaikolojia Carl Jung. Unapata umbo, unafungua ukurasa wake, unasoma.

Njia ya kale ya kulipata umbo ni vijiti 50 vya mmea ambao Wachina huuita shi. Kimoja huwekwa kando tangu mwanzo. Vile 49 unavigawa kwa mkono mafungu mawili bila kuhesabu, unachomoa kimoja, kisha unapunguza kila fungu vinne vinne na kuweka masalio pembeni. Ukifanya hivyo mara tatu umepata mstari mmoja, na mara kumi na nane umepata heksagramu nzima. Ni kazi ya nusu saa, na muda wote huo swali limekukaa kichwani. Utaratibu unaofuatwa leo ni ule uliopangwa na mwanazuoni Zhu Xi (1130–1200). Sarafu ni rahisi kuliko hapo: unarusha tatu kwa pamoja, kichwa ni 3, upande wa pili ni 2, na jumla lazima iwe 6, 7, 8 au 9. Saba na nane zimetulia. Sita ni yin inayogeuka kuwa yang, na tisa ni yang inayogeuka kuwa yin. Dakika mbili tatu umemaliza.

Wengi hudhani tofauti ya vijiti na sarafu ni muda tu. Hesabu inakataa. Kwa sarafu, uwezekano wa kupata 6 ni 1/8 na wa kupata 9 ni 1/8 vilevile. Kwa vijiti, 6 hutokea mara moja katika 16 na 9 hutokea mara tatu katika 16. Idadi ya mistari inayogeuka ni ileile, yaani robo, ila kwa vijiti yang hugeuka mara tatu kwa kila mara moja ya yin. Jicho la vijiti linaona kwamba kilicho imara huchoka upesi kuliko kilicho laini, na sarafu haina jicho hilo. Ukitumia programu ya simu, jambo la kwanza la kuangalia ni inafuata uwezekano upi, kwa maana programu inayojiita ya vijiti huku inahesabu kwa sarafu inakupa kitu kingine chini ya jina lilelile.

Turudi kwa mfanyabiashara wetu. Kauli ya Xu inasema kuna uaminifu, kuna mwanga na mafanikio, kushikilia ni heri, na inafaa kuvuka mto mkubwa. Mstari wa pili, ule unaogeuka, unasema: kusubiri mchangani, kuna maneno kidogo, mwisho ni heri. Mstari huo ukishageuka tunapata heksagramu ya 63, Jiji, Umeshavuka, na humo mna kauli hii: mwanzo heri, mwisho vurugu.

Sasa mwisho ni heri au ni vurugu? Hapa ndipo wengi hujidanganya. Anayetamani mzigo uje atashika kauli ya kwanza, na anayeogopa mkopo atashika ya pili, kila mmoja akidhani kitabu ndicho kilichosema. Zhu Xi aliliona tatizo hili akaweka kanuni: ukigeuka mstari mmoja, soma kauli ya mstari huo katika umbo la mwanzo, ikigeuka miwili, soma yote miwili na uupe uzito ule wa juu, na kuendelea hivyo hadi sita. Kwa kanuni hiyo jibu la mfanyabiashara ni heri baada ya kusubiri na maneno ya watu. Lakini kanuni lazima uwe umeishika kabla ya kurusha. Nayo si nadra kuhitajika: katika kurusha mara mia, utapata takriban mara 18 pasipo mstari wa kugeuka hata mmoja, mara 36 mmoja, na karibu nusu nzima iliyobaki miwili au zaidi. Asiye na kanuni mkononi, kila mara ya pili anajichagulia jibu.

Kuna kisa kimoja cha zamani kinachoionyesha njia hii kwa uzuri na kwa udhaifu wake, kuliko maelezo yangu yote. Kumbukumbu za kale za Kichina zinazoitwa Zuozhuan, chini ya mwaka 564 KK, zinaeleza kifo cha Mu Jiang, mama wa mtawala wa zamani wa dola la Lu, aliyefungiwa Kasri la Mashariki baada ya kushiriki njama. Alipopelekwa humo mara ya kwanza, mpiga ramli alimtazamia, ikatoka heksagramu Gen ikigeuka kuwa Sui. Yule mtaalamu akamwambia Sui ni kutoka, kwa hiyo bibi atatoka upesi. Mu Jiang akakataa. Alikijua kitabu. Alisema kauli ya Sui ni ya heri kwa mwenye fadhila nne zinazotajwa humo, naye kwa aliyoyatenda hana hata moja; basi hatatoka, atafia humo. Akafia humo.

Ukikihesabu kama utabiri, mtaalamu alikosea na mfungwa akapatia, kwa umbo lilelile. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja alitazama jina la heksagramu, na mwingine alijitazama mwenyewe. Ndiyo maana naichukulia njia ya kitabu kuwa njia ya swali la "nifanyeje" na "nimesimama wapi". Ukiiuliza "itatokea nini, lini", inakurudishia maneno mapana kiasi kwamba karibu kila litakalotokea litatoshea ndani yake. Maneno kidogo mchangani: je, ni mzozo na wakala wa mizigo, ni minong'ono ya jirani wa duka, au ni barua ya benki? Ukiisoma baadaye, utalipata la kulitia humo.

Meihua, ramli bila kifaa

Meihua ni ua la mti wa plamu, na njia hii hupewa jina la Shao Yong, mwanafalsafa wa zama za Song aliyefariki mwaka 1077, ingawa wasomi wengi wana shaka kama kitabu chake aliandika yeye. Haihitaji vijiti wala sarafu. Inahitaji tarehe, saa, na hesabu ya masalio.

Kisa kilichoipa jina kinatosha kuifundisha. Shao Yong alikuwa akitazama miplamu akaona ndege wawili wakigombania tawi hadi wakaanguka. Mwaka ulikuwa wa Joka, wa tano katika mzunguko wa kumi na mbili. Mwezi wa 12, siku ya 17. Jumla 34, toa nane nane, yanabaki 2, nayo ni trigramu Dui, ziwa. Saa ilikuwa ya tisa, ambayo kwa bahati njema ni karibu na saa tisa yetu ya alasiri. Jumla 43, toa nane nane, yanabaki 3, nayo ni Li, moto. Toa sita sita katika 43, linabaki 1, basi mstari wa kwanza ndio unaogeuka. Ziwa juu ya moto ni heksagramu ya 49. Dui ni binti mdogo, na kati ya asili tano za Kichina (maji, mti, moto, udongo, metali) asili yake ni metali. Moto huyeyusha metali, basi binti ataumia. Ndani ya umbo mmejificha trigramu Xun, ambayo katika mwili ni paja. Mstari ukigeuka, moto unakuwa mlima, udongo, na udongo huzaa metali, basi hatakufa. Akasema kesho jioni binti atakuja kuvunja maua, mtunza bustani atamfukuza bila kujua, ataanguka na kuumia paja. Na kisa kinasema ikawa hivyo.

Angalia muundo wake: maandishi ya kitabu hayakuguswa kabisa. Kazi yote ni ya trigramu mbili. Ile isiyo na mstari unaogeuka ni "mwili", yaani muulizaji. Yenye kugeuka ni "matumizi", yaani jambo lenyewe. Kwa mfanyabiashara wetu, tukichukulia kwamba saa aliyouliza ilitoa umbo lilelile la Xu, mwili wake ni Kan, maji, na jambo ni Qian, metali. Metali huzaa maji: jambo linamlisha muulizaji. Baadaye Qian inageuka Li, moto, na maji huuzima moto: mwishoni yeye ndiye atakayelitawala jambo, ingawa kwa jasho. Meihua ingemwambia aagize.

Uzuri wake ni kwamba mstari unaogeuka ni mmoja tu siku zote, hivyo matokeo yanayowezekana ni 384, wakati kwa sarafu ni 4,096. Mtu anapata nafasi ndogo ya kujichagulia. Ubaya wake kwa utabiri wa leo ni mzito zaidi. Wawili wenye maduka yanayotazamana, wanaogombea mteja mmoja, wakiuliza ndani ya saa ileile ya Kichina, ambayo ni saa mbili zetu, wanapata umbo moja na heri moja. Waganguzi wa Meihua hujibu kwamba mtu aongeze ishara nyingine: sauti iliyosikika, upande aliotokea muulizaji, idadi ya maneno ya swali. Ni kweli hilo linawatenganisha, lakini linafungua tena mlango wa kujichagulia ambao hesabu ilikuwa imeufunga. Mimi sikai na Meihua muda mrefu kwa sababu hiyo.

Liuyao, inayothubutu kutaja tarehe

Ukienda kwa mtaalamu wa Kichina ukamuuliza kitu mahususi, kama mkopo utapita au gari lililoibwa litaonekana, huenda akatumia Liuyao, maana yake mistari sita. Mizizi yake ni kwa Jing Fang (77–37 KK) wa zama za Han, aliyezipanga heksagramu zote 64 katika kasri nane, yaani makundi ya nane nane, na kuupa kila mstari tawi, yaani moja ya alama 12 za kalenda ya Kichina. Sarafu zinarushwa vilevile, ila kitabu hakifunguliwi. Badala yake kila mstari unapewa asili (maji, mti, moto, udongo, metali) na undugu kwa kulinganishwa na asili ya kasri: Wazazi, Ndugu, Watoto, Fedha, na wa tano anayeitwa Afisa-na-Mzimu.

Undugu huo ndio unaoifanya njia hii ikae vizuri na mambo ya sasa. Wazazi ni chochote kinachokufunika au kukubeba: nyumba, gari, nyaraka, mkataba, cheti cha shule. Ndugu ni washindani, na ndio wanaonyang'anya Fedha. Afisa ni kazi na mamlaka, na ni ugonjwa pia. Mtu hahitaji kulazimisha kontena la mwaka huu liingie ndani ya methali ya Zhou; analiweka kwenye mstari wake.

Xu iko kasri la Kun, udongo. Kwa udongo, Fedha ni maji, nayo yako mstari wa kwanza na wa sita. Muulizaji anakaa mstari wa nne, Watoto, metali. Unaogeuka ni wa pili, mti, Afisa, na ukigeuka unakuwa udongo, Ndugu. Soma sasa: maji hulisha mti, basi Fedha zinamlisha Afisa anayetembea, kisha Afisa anageuka kuwa Ndugu, mnyang'anyi wa Fedha. Kwa anayeingiza mzigo, huhitaji kufikiri sana kumjua Afisa huyo: ushuru, tozo za bandari, ukaguzi. Baada yake washindani wenye bidhaa ileile sokoni. La kumfariji ni kwamba yeye mwenyewe ni metali, na metali hukata mti. Anao uwezo wa kulidhibiti jambo akiwa macho. Mtaalamu hatatoa hukumu kabla ya kutazama tawi la mwezi na la siku aliyoulizwa, kwa sababu hizo ndizo zinazopima nani ana nguvu, na ndizo zinazompa tarehe.

Hiyo tarehe ndiyo inayonivuta. Liuyao husema ndiyo au hapana, na husema lini. Kwa hiyo inaweza kukamatwa imekosea. Bei yake ni masomo marefu: kasri, matawi, migongano, siku tupu, roho sita. Anayejifundisha mwenyewe kwa mwezi mmoja atakuwa anakisia tu, na wingi wa kanuni humpa anayekisia njia nyingi za kuokoa utabiri uliokwisha kushindwa.

Zinapogongana

Umbo moja, swali moja, na tuna "subiri, utafurahi", "agiza", na "zitavuja". Haziwezi zote kuwa zinaona wakati ujao uleule. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba hata moja kati yake inatabiri kuliko bahati, na anayesema inaepuka hasara sokoni au inashinda mikeka ya mpira anauza kitu. Swali la ndiyo au hapana hata kipofu wa mambo haya analipatia nusu ya mara. Takashima Kaemon (1832–1914), tajiri wa Yokohama aliyejulikana Japani nzima kwa tabiri zake za siasa na vita, alituachia kitabu cha tabiri hizo. Ni hazina ya kusoma, lakini mkusanyaji wake ni yeye mwenyewe.

Ukitaka kujua kwa nafsi yako, usianze na mkopo wala ndoa. Anza na mvua. Liuyao ina kanuni za hali ya hewa tangu zamani, ambapo Wazazi ni mvua na Watoto ni anga jeupe. Kesho yake jibu umelipata, na moyo wako haukuwa na upande. Andika umbo, andika hukumu kwa sentensi moja, andika tarehe, usifute. Linganisha na mtu anayesema kila siku "kesho itakuwa kama leo", maana huyo ni mpinzani mgumu kuliko anavyoonekana. Na usirudie kurusha. Heksagramu ya 4 ina sharti lake humohumo: mara ya kwanza huambiwa, ya pili na ya tatu ni kero, na mwenye kero haambiwi.

Kwa nani ipi, basi? Anayependa hesabu, mwenye subira ya mwaka mzima na daftari lisilodanganya, achukue Liuyao, kwa kuwa ndiyo pekee itakayomruhusu siku moja kusema haifanyi kazi, au kushangaa. Anayetaka kuelewa jinsi trigramu zinavyosukumana afanye mazoezi ya Meihua kwa wiki chache, kama mtu anayejifunza jedwali la kuzidisha. Anayepiga ramli mara mbili kwa mwaka, kwa jambo zito, akiwa na nusu saa ya kukaa kimya, vijiti 49 mkononi vitamfaa kuliko programu yoyote ya simu.

Na mfanyabiashara wa Kariakoo ningempa kitabu na sarafu. Ushuru, nauli ya meli na riba ya benki vina hesabu zake, na hizo azifanye kwa wakala wa forodha kabla ya kurusha chochote. Kitakachobaki baada ya hesabu ni lile ambalo wakala hawezi kulijibu: kama ana uvumilivu wa kukaa mchangani miezi kadhaa, mzigo uko baharini, na watu wanasema.